Bustani ya wanyama nje ya Tabora: nenda asubuhi na mapema, usiende sikukuu

Nimeingia mara nne katika bustani ya wanyama iliyopo nje kidogo ya mji wa Tabora, ng'ambo ya reli, na maoni yangu yamebadilika kila nilipotoka. Mara ya kwanza niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha pili, 38 kwa hesabu ya asubuhi na, nashukuru, 38 kwa hesabu ya jioni. Mara ya pili nilikwenda na watoto wa dada yangu siku ya pili ya Idi, nikarudi nyumbani nimekasirika kiasi cha kutotaka kusikia habari za mahali hapo. Mara ya tatu na ya nne nilikwenda peke yangu, kabla geti halijafunguliwa, baada ya msimamizi kukubali ombi langu la kuwafuata watunzaji katika kazi zao za asubuhi ili niandae somo la biolojia. Safari hizo mbili za mwisho ndizo zilizonifanya niandike, kwa sababu nilitambua kwamba mgeni wa kawaida hulipa kiingilio, huwatazama wanyama, kisha huondoka bila kukutana na watu watano ambao, kwa maoni yangu, ndio sababu pekee ya bustani hii kustahili nauli ya mtu.

Nimeamua kutoitaja bustani kwa jina, kwa kuwa nina lawama ambazo zinarekebishika na sioni faida ya kumwaibisha yeyote. Ikiwa ni lazima nitoe alama, naipa nyota tatu kati ya tano. Watunzaji peke yao ningewapa tano bila kusita, kwa hiyo msomaji anaweza kujua mwenyewe zile mbili zimepotelea upande gani.

Habari za kawaida ni hizi. Nililipa shilingi 3,000 kwa mtu mzima na 1,000 kwa mtoto, na shule hupunguziwa ikiwa mwalimu atakuja na barua ya mkuu wa shule. Bodaboda kutoka stendi ilinitoza 2,000. Geti hufunguliwa saa mbili asubuhi na hufungwa saa kumi na mbili jioni. Vyoo ni safi ingawa maji ni ya ndoo. Kibanda cha chakula kinauza soda baridi na chipsi baridi, na ningependa wabadilishe angalau kimoja kati ya hivyo. Miembe ni mingi na kivuli chake ni kizuri, kama tulivyozoea Tabora.

Siku hupambazukia katika jiko la wanyama, nyuma ya ofisi, mahali ambapo mgeni haruhusiwi kufika. Nilipofika, saa kumi na mbili na nusu, mama anayesimamia jiko hilo alikuwa ameshapanga ndoo kumi na mbili sakafuni, kila moja ikiwa na alama ya rangi. Alinieleza kwamba kabla ya kuajiriwa hapo alikuwa mama lishe stendi kwa miaka mingi, na kwamba tofauti kubwa aliyoiona ni kuwa wateja wa sasa hawalalamikii chumvi. Mizani anayotumia ni ile ile ya mabucha, yenye sahani mbili na mawe ya kilo. Nyama ya simba aliipima pamoja na mfupa wake, na nilipomuuliza kwa nini asimpe nyama safi isiyo na mfupa, alinijibu kwa usahihi ambao ningefurahi kuusikia kwa mwanafunzi wa kidato cha sita: nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mnyama mla nyama anayekua akilishwa minofu mitupu mifupa yake hulainika hadi akapinda miguu. Siku moja katika wiki simba hawapewi chakula kabisa. Wageni wanaokuja siku hiyo huwaonea huruma na wengine huandika malalamiko kwenye kitabu cha wageni, lakini porini simba hali kila siku, na tumbo lake limeumbwa kujaa sana siku moja na kusubiri siku zinazofuata.

Ndoo za nyani ndizo zilizochukua muda mrefu zaidi. Matembele, vipande vya boga, karanga zenye maganda, mahindi mabichi na ndizi chache sana vilikatwakatwa vidogo kuliko nilivyodhani ni lazima. Sababu niliiona baadaye: mtunzaji aliingia katika kizimba kikiwa kitupu, nyani wakiwa wamefungiwa upande wa ndani, akavirusha vile vipande katika majani makavu yaliyotandazwa sakafu nzima, na vingine akavipachika kwenye nyufa za magogo. Nyani porini hutumia sehemu kubwa ya mchana akitafuta chakula, akifunua mawe na kuchambua nyasi. Anayeletewa kila kitu kwenye sinia humaliza kwa dakika kumi, na saa zinazobaki huzitumia kujinyofoa manyoya au kugombana na wenzake. Ndizi zilikuwa chache kwa makusudi, kwa sababu matunda yetu ya shambani yamechaguliwa na wakulima kwa utamu, yana sukari nyingi kuliko matunda ya porini, nayo humnenepesha mnyama na kumwozesha meno. Msimu wa maembe, kwa maelezo ya mama huyo, ndio msimu wake mgumu kuliko yote, kwani hapa mjini embe halina thamani mwezi wa kumi na mbili na kila mgeni huona ni hisani kuja na mfuko mzima.

Sasa nije kwa fisi, ambao ndio walionirudisha mara ya nne.

Wapo wawili, jike na dume, na wanatunzwa na kijana aliyesomea Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi kule Mwanza. Banda lao ndilo lenye wageni wachache kuliko yote, na sababu yake haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Unyamwezini, ambako fisi huhusishwa na wachawi wanaosemekana kumpanda usiku. Wanafunzi wangu, ambao wote wanaweza kunichorea seli ya mnyama bila kukosea, walisimama hatua ishirini kutoka kwenye uzio na mmoja wao akauliza kwa sauti ya chini ikiwa hawa ni fisi wa porini au fisi wa watu. Kijana hakucheka. Alimjibu kwamba yeye amewafagilia banda kwa miaka minne, amewaona wakiumwa tumbo na wakiogopa radi, na mpaka leo hajaona mtu amekuja usiku kumpanda mgongoni yeyote kati yao. Kisha akawaonyesha kinyesi. Kwa mwalimu hilo lilikuwa darasa kamili: kinyesi cha fisi hukauka kikawa cheupe kama chaki, kwa sababu mnyama huyu huvunja mifupa kwa taya zake, akaimeza na kuiyeyusha tumboni, na madini yake hutoka kwa njia hiyo. Kisipokuwa cheupe kwa siku mbili, kijana anajua jikoni wamempa minofu tu, au mnyama hana hamu ya kutafuna, na huenda jino linamsumbua.

Anaandika hayo yote. Ana kaunta buku lenye jalada gumu, lililochafuka kwa damu na maji ya klorini, na aliniruhusu kulisoma. Nilinakili mistari ya siku moja: "Jike amekula yote. Dume amebakiza ngozi. Mguu wa nyuma wa kulia, jike, anauinua kidogo akisimama. Nimempigia daktari." Daktari wa mifugo hakai hapo, huja akiitwa, na kwa hiyo macho ya kwanza ya tiba ni ya huyu kijana. Mnyama wa porini huficha ugonjwa kadiri awezavyo, kwani anayeonekana dhaifu huliwa au hunyang'anywa nafasi yake, na kufikia siku ambayo mgeni yeyote angeweza kuona kwamba fisi anaumwa, huenda amekwisha kuumwa wiki nzima.

Jambo la ule mguu lilinipa nafasi ya kuona kitu ambacho sikutarajia kukiona Tabora. Kijana alisimama nje ya wavu akiwa na kijiti kirefu chenye kipande cha ini kwenye ncha. Hakumwita jike kwa jina, alipiga mluzi mfupi mara mbili. Jike alikuja, akaugeuza ubavu, akaulaza wote kwenye nyaya mpaka manyoya yakatokeza upande wetu, na akakaa hivyo huku kijana akipitisha mkono wa pili, akiwa na kipande cha bomba la plastiki, na kuugusa ule mguu juu, katikati na chini. Kila alipoguswa bila kujiondoa alipewa ini. Zoezi lilichukua dakika tano hivi. Kijana alinieleza kwamba ilimchukua miezi saba kufika hapo, akianza na kumzoeza tu asimame karibu na wavu, na kwamba lengo lake ni siku moja bomba lile liwe sindano. Mnyama anayekubali sindano akiwa macho huepushwa na dawa ya usingizi, ambayo kwa fisi na kwa mnyama yeyote mkubwa ina hatari zake: anaweza kutapika na kupaliwa, joto la mwili linaweza kupanda, na wakati mwingine haamki. Dume hataki zoezi hilo. Husimama nyuma akitazama, na hilo nalo lina maelezo yake, kwani kwa fisi madoa jike ndiye mkubwa kwa umbo na kwa cheo, na dume hasogelei chakula mbele ya jike bila kupima upepo.

Kuna kasoro hapo na sitaificha. Upande wa kaskazini wa uzio pana njia iliyochimbika ardhini, upana wa mguu mmoja, ambayo jike huipita huku na huko kila alasiri kwa mwendo ule ule, akigeukia mahali pale pale. Huo si mchezo. Ni dalili ya mnyama aliyezoea kutembea kilomita nyingi usiku mmoja kuwekwa mahali ambapo kona zote amezimaliza. Kijana anajua, na anapambana na hali hiyo kwa alivyo navyo: huzika mifupa mahali tofauti kila usiku, huning'iniza ngozi ya ng'ombe juu ya mti ili waivute, na mara mbili kwa wiki humwaga katika banda la fisi toroli la majani na kinyesi kutoka kwa pundamilia, jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipomwona jike akijigaragaza ndani yake kama mtoto kwenye mchanga, mara ya kwanza nilipomwona akiwa na furaha. Lakini toroli la mavi ya pundamilia haliongezi ukubwa wa banda. Nyuma yake pana eneo la wazi ambalo kwa sasa ni maegesho ya magari, na napendekeza kwa heshima kwamba magari yanaweza kuegeshwa kwingine.

Kibao cha maelezo mbele ya banda hilo nacho kinahitaji kung'olewa. Kimeandikwa kwamba fisi ni mnyama mwoga anayeishi kwa mizoga na masalia ya simba. Utafiti wa mwanabiolojia Hans Kruuk, uliofanyika Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, ulionyesha kwamba fisi madoa wa huko huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba mara nyingi simba ndiye anayekuja kuwanyang'anya. Ni zaidi ya miaka hamsini sasa. Mtunzaji anayejua ukweli huo anafanya kazi kila siku mbele ya kibao kinachompinga.

Kuhusu simba wenyewe sina mengi. Wapo, ni wazima, na walikuwa wamelala safari zote nne, jambo ambalo ni la kawaida kwa mnyama anayeweza kupumzika saa ishirini kwa siku. Umati hukusanyika hapo, watu hupiga picha ya mgongo, na hurudi nyumbani wameridhika. Mamba pia alikuwa ametulia, mdomo wazi kwenye jua la asubuhi. Nilikwenda mwezi wa saba, wakati baridi ya usiku ya huku kwetu inapouma, na mtunzaji alisema alikuwa hajamlisha kwa wiki tatu kwa sababu mamba akiwa na baridi hamengenyi, na nyama isiyomengenywa huweza kumwozea tumboni.

Nyumba ya nyoka inatunzwa na mzee mmoja aliyekwisha kupita miaka sitini, ambaye nilimwamkia shikamoo na akanijibu marahaba bila kugeuka, kwa kuwa mkononi alikuwa na fimbo yenye kulabu na mbele yake kulikuwa na sanduku la kifutu. Nilisubiri. Alipolifunga aliniuliza natoka wapi na nazaliwa na nani, kama wazee wetu wanavyouliza, na baada ya kuridhika na majibu akanieleza kwamba babu yake alikuwa Muyeye. Kwa wasomaji wasiotoka Unyamwezini au Usukumani, Bayeye ni chama cha kale cha watu wa nyoka: walijua kuwakamata, kuwafuga, kuwachezesha katika ngoma na kutibu walioumwa, na ujuzi huo ulitolewa kwa aliyeingizwa chamani tu. Mzee hakuwa na haja ya kujionyesha. Alichonionyesha ni utaratibu.

Kabla ya kufungua sanduku la chatu, aligonga kichwa cha nyoka huyo, polepole, kwa mgongo wa ile kulabu, mara mbili, kupitia tundu la juu. Nilimuuliza kwa nini.

"Namwambia leo si siku ya panya," alisema. "Mlango ukifunguliwa bila kugongwa, anajua ni chakula, na mkono wangu atauona ni chakula. Hanijui mimi, mwalimu. Anaijua hii fimbo."

Chatu hulishwa kila baada ya wiki mbili au tatu, na akikaribia kujivua gamba halishwi kabisa. Macho yake wakati huo hufunikwa na utando wa rangi ya samawati iliyofifia, haoni vizuri, na huwa mkali kwa sababu ya kutoona. Mzee humwekea gogo lenye magome makavu ya kujisugulia na gunia lililoloweshwa maji, kwani gamba likikauka hutoka vipande vipande na kuacha mabaki juu ya macho. Sanduku la koboko hafungui akiwa peke yake. Ni sharti wawe wawili, mmoja akishika mlango, na ubaoni ameandika namba ya simu ya hospitali na ya dereva kwa tarakimu kubwa zinazosomeka ukiwa mlangoni.

Mazungumzo yake na wanafunzi wangu ndiyo yaliyonishangaza zaidi, nikikumbuka ukoo anaotoka. Aliwauliza mtu akiumwa na nyoka shambani wafanye nini. Walijibu kama walivyosikia nyumbani: kumfunga kamba, kumchanja, kunyonya sumu, kumtafutia jiwe la nyoka. Mzee alivikataa vyote kimoja baada ya kingine. Kamba iliyokazwa inaweza kuua mguu ambao sumu isingeuua, na kuchanja huongeza damu kutoka na huleta vidonda. Aliwafundisha kumtuliza mgonjwa, kumvua pete na bangili kabla uvimbe haujaanza, kuufunga mguu kwenye ubao ili usicheze, na kumkimbiza kwenye kituo cha afya bila kupitia kwa mtu yeyote, "hata kwa mimi". Aliongeza kwamba kifutu ndiye wa kuogopwa shambani kwa sababu haondoki mtu anapokaribia: hutegemea rangi yake ili asionekane, hukaa kimya kwenye majani makavu mpaka anakanyagwa. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na ningependa kila shule ya mkoa huu imsikie mzee huyu kwa nusu saa. Bustani ingeweza kupanga mazungumzo hayo kila Jumamosi saa nne na kuyatangaza getini. Haijafanya hivyo, na mzee huzungumza tu na anayemkuta.

Nisimsahau nyegere, kwani warina asali wa Sikonge na Uyui hawatanisamehe. Yule wa hapa alinaswa kwenye waya karibu na mizinga, akapoteza vidole vya mguu mmoja, akaletwa na maofisa wa wanyamapori kwa kuwa hawezi tena kuchimba vya kutosha kuishi porini. Vya kutosha kuishi labda hawezi, ila vya kutosha kutoroka anaweza. Watunzaji walinisimulia kwamba usiku mmoja alitokea chini ya ukuta na asubuhi mama wa jiko akamkuta ndani ya gunia la unga wa dona. Sasa sakafu yake ni ya zege, mlango una komeo mbili na kufuli, na kila asubuhi hupewa gogo lililotobolewa matundu yenye masega ya majana, yaani watoto wa nyuki, ndani, kwa sababu anachokitafuta katika mzinga ni majana pamoja na asali. Ni mnyama mdogo, mchafu na mwenye hasira. Nilikaa mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya simba.

Wanafunzi waliuliza kwa nini hakuna sokwe. Mtunzaji wa nyani aliwajibu kwamba sokwe wapo jirani tu, Kigoma, na hawahitaji kizimba. Niliendeleza jibu lake darasani: mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968 na Mahale mwaka 1985, na kisiwa cha Rubondo katika Ziwa Victoria kilipokea sokwe 17 waliotoka katika bustani za wanyama za Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969, wakaachiwa msituni bila mtunzaji, na vizazi vyao vinaishi humo mpaka leo. Jambo la mwisho liliwagusa wanafunzi kuliko yote, na mmoja alitaka kujua ikiwa fisi wetu naye anaweza kurudishwa. Nilimwambia akamuulize kijana, naye kijana akamjibu kwamba fisi aliyezoea mluzi wa mtu ataufuata mluzi mpaka kijijini, na huko hatapewa ini.

Sasa ile siku ya Idi. Tulipofika saa nane mchana, foleni ilikuwa ndefu, na aliyetukatia tiketi alikuwa yule kijana wa fisi. Anayeelekeza magari alikuwa mtunzaji wa mamba. Mzee wa nyoka alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki getini akikagua mifuko. Ndani, kwenye vizimba, hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuangalia. Vijana waligonga kioo cha kifutu kwa pete za vidole mpaka nyoka akaanza kurukia kioo na kujigonga pua. Kwenye kizimba cha nyani watu walirusha biskuti pamoja na karatasi zake, na nilimwona mama nyani akitafuna mfuko wa plastiki huku mtoto wake akijaribu kumnyang'anya. Mtu mmoja aliyekuwa akikohoa vibaya alimpa nyani kipande cha andazi alichokuwa amekwisha kuking'ata. Kifua kikuu na mafua ya binadamu huwapata nyani na sokwe. Mahale mgeni huvaa barakoa na hukaa na sokwe si zaidi ya saa moja, akiwa umbali wa mita kumi, na mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza (polio) ulifika mpaka kwa sokwe wa Gombe. Hapa palikuwa na kibao kimoja tu kilichosema "Usilishe wanyama", na mtu alikuwa ameegesha baiskeli mbele yake.

Nilipomlalamikia msimamizi alisema kwamba sikukuu ndizo zinazolipa mishahara ya mwezi, na kwamba hana fedha za kuajiri vibarua wa getini. Namwelewa, na bado nadhani amekosea hesabu. Kukata tiketi anaweza kijana yeyote wa mtaani kwa posho ya siku moja. Kumzuia mtu mwenye kikohozi asimlishe nyani, kwa maneno yanayomfanya acheke badala ya kugombana, ni kazi inayotaka mtu anayewajua nyani hao. Siku iliyofuata, kwa maelezo ya mama wa jiko, nyani wawili waliharisha na simba hawakuguswa na tatizo lolote, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwasogelea.

Lawama yangu ya mwisho ni ndogo. Mabuti ya mpira ya mtunzaji wa mamba yametoboka, na ameyaziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na gundi. Anaingia nayo katika bwawa kusafisha, mamba akiwa upande wa pili wa lango la chuma. Maji huingia. Duka la vifaa vya kilimo mjini linauza mabuti hayo.

Anayetaka kwenda asubiri siku ya kazi, aombe ruhusa kwa msimamizi siku moja kabla, na afike saa moja asubuhi, wakati ndoo zinapotoka jikoni. Asije na chakula cha aina yoyote. Akitaka kutoa zawadi, amuulize mama wa jiko kinachohitajika wiki hiyo. Mimi nitarudi Novemba na darasa jipya. Chatu, kwa hesabu ya mzee, atakuwa anajivua gamba wakati huo, na nilipomuaga aliniagiza nimletee magunia mawili ya katani, matupu, yasiyowahi kubeba mbolea.